Kratos, Liyongo na Kalamu Yangu Nyekundu

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kinampanda, wilayani Iramba, kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Mvua zilikuwa zimeanza. Mchana tulishinda shambani, na jioni ile, baada ya ugali wa mtama na mlenda, niliketi barazani nikijiandaa kusoma rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi wangu mmoja. Sikuweza. Wapwa zangu wawili, mmoja akiwa mwaka wa pili chuo kikuu na mdogo wake akisubiri matokeo ya kidato cha nne, walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa kiasi kwamba mama yangu alitoka jikoni kuuliza nani kapigwa.

Hakuna aliyepigwa. Walikuwa wakibishana juu ya Kratos.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Kratos ni shujaa wa God of War, mfululizo wa michezo ya kompyuta, au gemu kama vijana wanavyosema, ulioanza mwaka 2005. Ni askari wa Sparta anayepambana na miungu ya Wagiriki wa kale. Vijana wetu wengi hawakumjua kupitia mashine za bei ghali zilizowekwa sebuleni. Walimjua kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, na baadaye kwenye simu zao, kwa programu zinazoiga mashine ndogo ya mkononi ya PlayStation. Na swali lililowakosesha usingizi wapwa zangu lilikuwa hili: Kratos alijua lini kwamba Zeus ni baba yake?

Mkubwa alishikilia kwamba alijua mwishoni mwa God of War II, gemu ya mwaka 2007, pale Athena anapofichua siri hiyo huku akikata roho. Mdogo akamjia na Ghost of Sparta, gemu ya mwaka 2010, ambayo ingawa ilitengenezwa baadaye, matukio yake yanatangulia yale ya God of War II. Humo Kratos anakutana na mama yake, Callisto, naye anamnong'oneza baba yake ni nani. Mkubwa akauliza: kama alikwisha kuambiwa na mama yake mzazi, kwa nini anashtuka anapoambiwa na Athena? Basi gemu ya pili imedanganya, haihesabiki. Mdogo akajibu kwamba kusikia siyo kuamini. Kratos alimjibu mama yake kuwa jambo hilo haliwezekani, na mama mwenyewe alikuwa chini ya laana wakati anasema. Nani angeamini ushahidi wa namna hiyo?

Ulimi ulikuwa tayari kuwaambia waende wakalale, wakapumzishe akili kwa ajili ya mambo ya maana. Kisha nikasita. Niligundua kwamba vijana hawa walikuwa wakifanya, bila kusukumwa na mtu, mambo ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiwabembeleza wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili wayafanye. Kila dai lilikuja na chanzo chake. Walitofautisha tarehe ya kutungwa kwa kisa na tarehe ya tukio linalosimuliwa ndani yake. Walipima hali ya shahidi: alikuwa nani, alisema akiwa katika hali gani, na aliyesikia alikuwa na sababu gani ya kukubali au kukataa. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo kazi ya mwanahistoria, na ndiyo kazi ya hakimu.

Makala haya si ya kuwasifu wapwa zangu wala ya kupigia debe gemu. Nataka kuuliza swali lililokuwa chini ya ubishi wao, kwa sababu linatuhusu sisi walimu, watumishi wa umma na wanaharakati kuliko linavyomhusu Kratos. Kisa kinapokuwa na matoleo mawili, nani ana kauli ya mwisho?

Ubishi wa aina hii una historia ndefu. Mwaka 1911, padri na msomi wa Kiingereza aitwaye Ronald Knox aliandika makala ya utani kuhusu visa vya mpelelezi Sherlock Holmes, akivichambua kwa mbinu zile zile ambazo wasomi wa wakati wake walitumia kuchambua Biblia. Sababu ya utani ilikuwepo. Dokta Watson, rafiki wa Holmes, katika kisa kimoja ana jeraha la risasi begani. Katika kingine jeraha hilo hilo limehamia mguuni. Mwandishi, Arthur Conan Doyle, alipitiwa tu. Lakini wasomaji hawakukubali kwamba alipitiwa, na kwa zaidi ya karne moja wameendelea kutunga maelezo ya kuyapatanisha majeraha hayo mawili. Hapo kauli ya mwisho wameishika wasomaji, ingawa hawajawahi kuafikiana.

Njia ya pili ni ya amri. Mwaka 2012 kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm, wenye Star Wars. Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya na vibonzo vingi vilivyokuwa vimechapishwa kwa miongo kadhaa haviko tena katika masimulizi rasmi. Vitaendelea kuuzwa chini ya nembo ya Legends, yaani visakale. Watu waliokua na mashujaa wale waliamka asubuhi wakakuta mashujaa wamefutwa kwa tangazo. Hawakuulizwa.

Njia ya tatu ni ya kukubali yote. Daggerfall, gemu ya mwaka 1996 katika mfululizo wa The Elder Scrolls, ilikuwa na miisho kadhaa inayopingana, kutegemea mchezaji ameamua nini. Ulipofika wakati wa kutunga michezo iliyofuata, watunzi walipaswa kuchagua mwisho mmoja. Hawakuchagua. Walisimulia kwamba muda wenyewe ulivunjika na miisho yote ikatokea kwa pamoja. Hadi leo kuna wanaoona huo ni werevu, na kuna wanaoona ni ujanja wa kukwepa swali.

Wagiriki wenyewe, ambao miungu yao ndiyo imezaa Kratos wa kwenye simu, wasingeelewa hofu yetu ya matoleo mawili. Homer anasema Aphrodite ni binti wa Zeus na Dione. Hesiod anasema alizaliwa na povu la bahari. Waliwaenzi washairi wote wawili. Hata jina Kratos si geni kwao: katika tamthiliya ya kale ya Prometheus, inayonasibishwa na Aeschylus, Kratos ni nguvu iliyopewa umbo la mtu, inayosimamia kufungwa kwa Prometheus mwambani. Kwa hiyo Kratos anayebishaniwa kibarazani kwetu ni toleo jipya la toleo la zamani sana.

Je, sisi tunatumia njia gani? Hapa sina budi kukiri kosa.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nikiwa mwalimu wa mazoezi katika shule moja ya sekondari mkoani kwetu, nilitunga jaribio la fasihi simulizi kwa kidato cha pili. Swali mojawapo liliwataka wanafunzi wasimulie ngano tuliyosoma darasani ya Sungura na Fisi walioweka akiba ya nafaka pamoja, kisha waeleze funzo lake. Katika kitabu tulichotumia, Sungura alimhadaa Fisi, akala akiba yote peke yake, na funzo lilikuwa kwamba akili ni mali. Mwanafunzi mmoja, binti mkimya aliyekaa karibu na dirisha, aliandika vingine. Kwake yeye Sungura alikula kweli, lakini mama yake Fisi aliona unyayo wenye unga mlangoni pa ghala. Wanyama wakaitana, na Sungura akahukumiwa kumlimia Fisi msimu mzima. Funzo aliloandika ni kwamba alaye akiba ya njaa peke yake si mjanja, ni mwizi.

Nilichora mkasi mwekundu, nikaandika pembeni: "Sivyo." Aliponifuata kwa adabu akasema, "Mwalimu, hivi ndivyo bibi alivyonisimulia," nilimjibu kwa maneno ambayo wakati ule niliyaona ya busara: "Bibi yako hasahihishi mtihani."

Alirudi kwenye dawati lake. Sikumsikia akiuliza swali lingine hadi nilipoondoka.

Unaweza kusema nilitimiza wajibu: swali lilihusu kitabu, na kitabu kilisema hivi. Nakubali. Nilichopaswa kufanya kilihitaji dakika mbili tu: kumpa alama kwa alichokijua, kumweleza tofauti kati ya toleo la kitabu na la bibi yake, na kuliuliza darasa kwa nini matoleo hayo yanatofautiana. Jibu lilikuwa nje ya dirisha. Singida ni nchi ya mvua chache. Wazee wetu wanajua maana ya ghala tupu. Kwa jamii ya namna hiyo, kumsifu mnyama aliyekula akiba ya wote si jambo la kuwafundisha watoto kirahisi. Bibi wa binti yule alikuwa na hoja ya kisiasa na kiuchumi ndani ya ngano yake. Mimi nilikuwa na kalamu.

Haya hayako katika ngano za wanyama peke yake. Chukua kisakale kinachojulikana kuliko vyote katika Kiswahili, kile cha Fumo Liyongo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizozipata Zanzibar, na humo mna habari ya Liyongo kwa nathari. Mwaka 1913, Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wake maarufu juu ya shujaa huyo huyo. Matukio makuu yanafanana: kifungo, mkate wenye tupa iliyofichwa ndani, sindano ya shaba kitovuni, usaliti wa mwana, na maiti iliyopiga goti kisimani ikaogopesha mji mzima usithubutu kuteka maji.

Lakini soma mwanzo wake. Katika habari iliyochapishwa na Steere, Liyongo ni mtu mwenye nguvu aliyewaudhi mno watu wa mji, ndipo wakafanya shauri wakaenda kumfunga. Katika utenzi wa Kijumwa, anayemwinda ni mtawala aliyeingiwa na hofu kwamba shujaa huyu atamnyang'anya kiti. Toleo moja linasema watu walimfunga mbabe aliyewaonea. Jingine linasema mtawala alimfunga raia aliyependwa. Mfungwa ni yule yule, minyororo ni ile ile, ila maana ya kifungo imegeuka juu chini. Msomaji yeyote wa siasa za Afrika anaelewa kwamba tofauti hii si ndogo. Karibu kila mfungwa mashuhuri wa bara hili amesimuliwa kwa namna hizo mbili, kutegemea msimuliaji alikuwa upande gani wa ukuta.

Wasomi wamebishana pia kama Liyongo aliishi kweli, na kama aliishi, ni karne ipi. Makadirio yao yanapishana kwa mamia ya miaka. Ibrahim Noor Shariff aliandika mwaka 1991 makala ndefu juu ya fumbo hilo. Mashairi anayonasibishwa nayo Liyongo yalipokusanywa na kuchapishwa mwaka 2004, wahariri walichagua kusema hivyo hivyo, kwamba "ananasibishwa" nayo. Neno hilo moja lina uaminifu ndani yake. Linamwambia msomaji: hapa ndipo ujuzi wetu unapoishia, nawe una ruhusa ya kuuliza. Ni mara ngapi tumewaambia wanafunzi wetu kwamba Liyongo ana sura mbili? Wengi wanamaliza shule wakijua sura moja, pamoja na orodha ya sifa zake tano.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia katika vikao vya idara: "Daktari, ukisema kila toleo lina haki, umefungua mlango wa uongo. Kesho mtu atasema Vita vya Maji Maji havikupiganwa, nawe utamwambia hilo nalo ni toleo."

Pingamizi hili ni zito, na jibu lake liko katika mfano wa Kinjeketile. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe hakuwa mtu wa kubuni. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kukana hilo siyo kutoa toleo. Ni kusema uongo juu ya maiti. Miaka sitini na minne baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile, na humo akamtunga mtu mwenye mashaka yake, mwenye mzigo wa neno alilolitoa likamshinda nguvu. Hussein mwenyewe aliweka wazi kwamba huyo ni kiumbe wa sanaa. Hata hivyo, kila mwaka nasoma insha za wanafunzi ambamo mashaka ya Kinjeketile wa jukwaani yanatolewa kama ushahidi juu ya Kinjeketile wa Ngarambe.

Kwa nini wanachanganya? Kwa sababu hatukuwafundisha kuuliza habari hii imetoka kwa nani. Tumewafundisha kwamba kilichoandikwa kitabuni ndicho kilichotokea. Mtu aliyezoea toleo moja la kila jambo hana kinga dhidi ya uongo. Anatofautisha rasmi na isiyo rasmi, na hajui kutofautisha kweli na isiyo kweli. Wapwa zangu, kwa upande wao, walikuwa na kanuni ambayo hawakuitaja lakini waliitii wote wawili: ukidai jambo, onyesha lilipo. Chini ya kanuni hiyo matoleo mawili yanaweza kuishi pamoja, lakini uongo hauishi muda mrefu.

Nirudi Kinampanda. Mji wetu huu mdogo unajulikana kwa chuo chake cha ualimu. Vizazi vya walimu vimepita hapa kabla ya kutawanyika nchini. Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Mwaka 1931 jarida la Bantu Studies la Afrika Kusini lilichapisha mkusanyo wa ngano za Kinyiramba. Aliyezichapisha ni Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ambaye kamusi sanifu inayohusishwa na jina lake ilitoka mwaka 1939, yeye akiwa ameshafariki. Mtu yule yule aliyeshiriki kuamua Kiswahili sahihi ni kipi ndiye aliyezipeleka ngano za wazee wetu katika maandishi.

Simlaumu, bila yeye huenda tusingekuwa na ngano hizo kabisa. Ila nimefundisha wanafunzi kutoka Iramba kwa miaka mingi, na sijakutana na hata mmoja aliyewahi kuzisoma. Ziko katika jarida la kitaaluma, na jamii iliyozizaa haina habari nazo. Wakati huo huo, bibi wanaojua matoleo mengine ya ngano hizo wanazikwa mwaka hadi mwaka. Siku mtafiti atakapozifufua, kilichochapishwa mwaka 1931 kitakuwa ndicho "toleo sahihi", kwa sababu tu hakutakuwa na mwingine wa kubisha.

Wakati sisi tumelala, wengine wameanza kazi. Aprili 2024 ilitoka gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau, iliyotengenezwa na studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Aliitunga kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Gemu hiyo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili, na visasili vyake vimechotwa kwa watu wa jamii za Kibantu. Nilifurahi kusikia habari zake. Kiswahili kimo ndani ya gemu, tena kikibeba jambo zito kama kifo cha mzazi, hakichekeshi wala hakiuzi sabuni.

Lakini angalia kinachoweza kufuata. Kalunga ni jina linalofahamika zaidi upande wa Angola na Kongo. Msanii ana haki kamili ya kuchanganya; wasimuliaji wote huchanganya. Mtoto wa Iramba atakayekutana na kisasili cha Kibantu kwa mara ya kwanza ndani ya gemu hiyo, na asikutane nacho popote pengine, atadhani hivyo ndivyo Wabantu wote walivyoamini. Kosa hilo halitakuwa la Salim, aliyesimulia alichorithi na alichoota. Litakuwa letu, tuliokuwa na matoleo yetu tukayaacha midomoni mwa wazee hadi midomo ikafumba.

Nasema haya sasa kwa sababu maalumu. Mitaala iliyoboreshwa mwaka 2023 imeleta shuleni somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Naliunga mkono. Mtoto kujifunza historia ya nchi yake kwa lugha anayoielewa ni jambo tulilolidai kwa muda mrefu. Ila somo linalounganisha historia na maadili lina kishawishi chake: kila kisa kitatafutiwa funzo moja, na kila funzo kitatafutiwa kisa kimoja kinachokubaliana nalo. Hapo ndipo mkasi wangu mwekundu unapoweza kuwa mkasi wa taifa.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, yote ya gharama ndogo.

La kwanza ni kwa wanachuo wa ualimu, kuanzia hapa Kinampanda. Mnapokwenda mazoezini, kila mmoja arekodi kwa simu yake ngano moja au kisakale kimoja kutoka kwa mzee wa mahali hapo, kwa ridhaa yake, na aandike vitu vitatu: jina la msimuliaji kama ameridhia litajwe, mahali na tarehe, na alikisikia kwa nani. Kitu cha tatu ndicho kinachosahaulika, nacho ndicho chenye thamani kubwa kwa mtafiti wa kesho.

La pili ni kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaoandika mihtasari na miongozo ya kusahihisha. Katika maswali ya fasihi simulizi na ya historia ya jadi, wekeni nafasi ya mwanafunzi kutoa toleo tofauti na la kitabu, mradi ataje chanzo chake na aeleze tofauti. Hamtapoteza udhibiti. Mtapata wanafunzi wanaofikiri, na siku moja mtapata maofisa wanaosoma jalada lote kabla ya kusaini.

La tatu ni kwa wanaharakati, na nalisema kwa upendo. Ninyi mnalalamikia, mara nyingi kwa haki, tabia ya wenye mamlaka kutoa taarifa moja na kutaka mjadala ufungwe. Lakini nimekaa katika mikutano yenu pia. Anayeuliza, "Ndugu, habari hii chanzo chake nini?" hutazamwa kama aliyetumwa. Raia anayekubali kila kitu kwa sababu kimesemwa na ofisi, na raia anayekataa kila kitu kwa sababu kimesemwa na ofisi, wamesoma shule moja. Wote wawili wanamtazama msemaji, na hakuna anayetazama ushahidi.

Usiku ule ubishi wa Kratos haukupata mshindi. Mama alichoka kuwasikiliza, akawaambia kwamba kama wanapenda visa vya watu wasiokuwepo, yeye anavyo vya kutosha. Akaketi kwenye kigoda, akaanza habari ya Sungura na Fisi walioweka akiba ya nafaka pamoja. Nilikuwa nikisikiliza nusu nusu, hadi alipofika kwenye unyayo wenye unga mlangoni pa ghala.

Niliweka rasimu ya tasnifu chini. Mama yangu alikuwa akisimulia toleo la yule binti wa karibu na dirisha: mama yake Fisi, baraza la wanyama, msimu mzima wa kulima. Bila shaka alikwisha kunisimulia nikiwa mtoto. Nilikwenda shule, nikasoma kitabu, kitabu kikafuta sauti ya mama yangu mzazi kichwani mwangu, kisha nikashika kalamu nikafanya hivyo hivyo kwa mtoto wa mwenzangu.

Mama alipomaliza, mpwa wangu mdogo, ambaye alikuwa amemrekodi kwa simu tangu mwanzo bila mtu kumwagiza, alimuuliza: "Bibi, na wewe ulisimuliwa na nani?"

Mama akafikiri kidogo, akataja jina la shangazi yake aliyefariki kabla mimi sijazaliwa, na kijiji alichotoka. Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Sasa limo ndani ya simu ya kijana, pamoja na tarehe.

Yule binti leo atakuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, pengine mwenye watoto wa kuwasimulia. Kama atasoma maneno haya, ajue kwamba swali lile lilikuwa na alama tano, na zote ni zake.

Naomba kutoa hoja.